Katalogi ya maktaba ya chuo inaonyesha Biblia tatu za Kiswahili, rafuni ziko zaidi ya ishirini. Kosa liko wapi?

Kibweta cha Kadi – #1
Wakuu salaam. Mada ya tasnifu ni namna "kuhesabiwa haki" kulivyotafsiriwa katika Warumi, kuanzia tafsiri za Zanzibar za karne ya 19 mpaka Union Version (ile tafsiri ya pamoja ya 1952). Nahitaji matoleo yenyewe, siyo makala yanayoyazungumzia.

Nikiandika "Biblia ya Kiswahili" kwenye katalogi ya mtandaoni ya chuo (programu yake ni Koha) napata rekodi 3. Kwenye rafu, kwa kuhesabu migongo ya vitabu, ziko 23. Msimamo wangu ni huu: kwa utafiti wa teolojia katalogi hizi hazifai, afadhali kupita rafu kwa rafu. Anayepinga alete hoja.

Rafu ya Juu – #2
Napinga. "Biblia ya Kiswahili" ni maneno yako wewe, katalogi haijui hayo. Biblia haina mwandishi, kwa hiyo wakutubi huipa jina sanifu, na jina hilo ni la Kiingereza hata kama kitabu chenyewe hakina neno moja la Kiingereza. Fungua mojawapo ya hizo rekodi 3, bonyeza mwonekano wa MARC (rekodi kama kompyuta inavyoihifadhi, kila sehemu na namba yake), tazama sehemu ya 130. Utakuta kitu kama hiki:

130 0_ $a Bible. $l Swahili. $f 1952.

Sasa nenda kwenye utafutaji wa kina, mstari wa kwanza chagua jina la kitabu badala ya neno lolote, andika: Bible Swahili. Hapo utavuta na vile ambavyo ukurasa wa jina hauna kabisa neno "Biblia", kwa mfano vilivyoandikwa "Maandiko Matakatifu" au "Agano Jipya" tu.

Mwana wa Usa – #3
Nyongeza kwa #2. Kuna majina sanifu ya zama mbili ndani ya katalogi moja. Kabla ya 2013 Warumi iliandikwa "Bible. N.T. Romans". Kanuni za RDA za kuandika rekodi za katalogi zilipoanza kutumika katika Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013, ile "N.T." ya katikati ikaondolewa, ikabaki "Bible. Romans". Agano Jipya lote likawa "Bible. New Testament" badala ya "Bible. N.T.". Maktaba nyingi zimeingiza rekodi mpya kwa mtindo mpya na hazijarudi kurekebisha za zamani. Tafuta mara mbili. Ukitafuta kwa mtindo mmoja umekosa nusu ya ghala.

Pwani Mchanga – #4
Wote wawili mnadhani rekodi ipo. Je, kama haipo? Vyuo vingi vilihama kutoka kwenye kadi za kabati la mbao kwenda kwenye kompyuta kwa kuanza na vitabu vinavyoazimwa sana. Biblia za zamani haziazimwi, zikaachwa nyuma.

Kipimo chepesi: toa kitabu rafuni, tazama msimbo-mistari (barcode), kwa kawaida uko kwenye jalada la nyuma au ukurasa wa ndani. Hauna msimbo? Hakijaingizwa, na hakuna neno utakaloandika likakileta. Una msimbo lakini hakionekani ukitafuta? Hapo ndipo maelezo ya #2 na #3 yanaanza kufaa.

Kibweta cha Kadi – #5
Shukrani wakuu. Nimefanya vyote viwili. "Bible Swahili" kwa jina: rekodi 9. Rafuni, vitabu 6 kati ya 23 havina msimbo-mistari. Bado hesabu haijakaa sawa: 9 na 6 ni 15. Nane ziko wapi?

Ngome Kongwe – #6
Umehesabu migongo, siyo matoleo. Nakala 5 za Union Version zilizonunuliwa pamoja ni rekodi moja yenye nakala 5 chini yake. Shuka chini ya rekodi, kwenye jedwali la nakala, ujumlishe mistari. Nane zako zimo humo.

Kibweta cha Kadi – #7
Ngome Kongwe, nimejumlisha. Rekodi 9 zina nakala 13. Na 6 zisizo na msimbo: 19. Zimebaki 4.

Ngome Kongwe – #8
Basi 4 hizo nawaachia wengine. Ila ndugu, toka 20 mpaka 4 kwa siku moja, na bado unasema katalogi haifai?

Karatasi Njano – #9
Nne zilizobaki nina dau juu ya msimbo wa lugha. Kila rekodi ina sehemu ya 008, na nafasi ya 35 mpaka 37 hubeba herufi tatu za lugha. Kiswahili ni swa. Anayeingiza vitabu akitumia kiolezo kilichoandaliwa kwa vitabu vya Kiingereza na asibadilishe, Biblia ya Kiswahili inasajiliwa kama eng. Ukichuja matokeo kwa lugha ya Kiswahili, inatoweka mbele ya macho yako. Kibweta, umewasha kichujio cha lugha?

Kibweta cha Kadi – #10
Nilikiwasha. Nimekizima: imeongezeka rekodi 1, nakala 1. Zimebaki 3.

Swichi – #11
Mie nasema faharasa. Koha haisomi rekodi zenyewe unapotafuta, inasoma faharasa iliyojengwa pembeni, Zebra au Elasticsearch kutegemea ilivyofungwa. Umeme ukikatika katikati ya ujenzi wa faharasa, au kazi ya usiku ikisimama, rekodi inakuwepo ila haitafutiki. Dalili yake: mkutubi akiifungua kwa namba ya rekodi inafunguka, akiitafuta kwa neno haitokei. Dawa ni kumwomba msimamizi wa mfumo ajenge faharasa upya yote. Mtafutaji hawezi kulitibu hilo akiwa mezani kwake, lakini anaweza kumpelekea mkutubi msimbo-mistari wa kitabu na kumwomba ajaribu njia zote mbili.

Rafu ya Juu – #12
Faharasa ikiharibika huwa haichagui Biblia tatu, Swichi. Ingekosekana rundo zima la siku hiyo, na zoolojia ndani yake. Mimi bado naona ni maelezo ya rekodi.

Swichi – #13
Kama ziliingizwa siku moja kwa rundo dogo, ndiyo rundo lenyewe hilo. Mwambie atazame tarehe ya kuingizwa.

Mama Hekaya – #14
Kabla hamjafika kwenye faharasa, hebu mwulizeni alisimama kwenye rafu ipi. Kwa Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, Biblia ya Kiswahili iliyopangwa kikamilifu inakaa 220.596392: 220.5 ni matoleo na tafsiri, na 96392 ni alama ya Kiswahili, ileile unayoiona kwenye 496.392 ya lugha. Maktaba ndogo hukomea 220.5, kwa hiyo Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani vinabanana pamoja. Nyingine hukaa 225 kwa kuwa ni Agano Jipya tu, Injili pekee 226, nyaraka 227. Na nakala za kale mara nyingi ziko chumba cha Afrika Mashariki, hazitoki, unaomba kwa fomu.

Kwa maktaba zinazotumia mfumo wa Bunge la Marekani ni herufi: BS Biblia, BT mafundisho, BV uchungaji na misheni, BX madhehebu, BR historia ya Ukristo, BP Uislamu. Mtu wa misheni akikaa BR peke yake amekosa BV.

Kwa hiyo Kibweta, kupita rafu kwa rafu nako kunadanganya. Rafu inaonyesha kitabu mahali pamoja tu, na kilichoazimwa haikionyeshi kabisa. Fungua rekodi yoyote kwenye Koha, karibu na namba ya mahali kuna kiungo cha kuvinjari rafu: kinakupangia vitabu jirani kulia na kushoto, pamoja na vilivyo nje kwa azima. Hapo una rafu na katalogi kwa pamoja.

Mwana wa Usa – #15
Post #14 ibandikwe juu ya uzi.

Kalamu ya Mwanzi – #16
Natoka kidogo kwenye zile tatu. Tatizo la lugha ya katalogi ni kubwa kuliko Biblia. Mwanafunzi wa teolojia anajifunza istilahi darasani, anaziandika kwenye kisanduku, anapata kidogo, anaandika "hakuna utafiti uliofanyika". Utafiti upo chini ya jina jingine. Haya ndiyo yanayopoteza watu wengi, yaandikwe hivi hivi kwenye sehemu ya mada:

Kristolojia iko kwenye "Jesus Christ – Person and offices". Eklesiolojia iko kwenye "Church". Nyumatolojia ni "Holy Spirit". Soteriolojia ni "Salvation". Utamadunisho tafuta kwenye "Christianity and culture". Teolojia ya Kiafrika, mafundisho: "Theology, Doctrinal – Africa", na neno Theology ndilo linalotangulia. Kazi ya kutafsiri Biblia: "Bible – Translating".

Mbinu isiyohitaji kukariri: tafuta kitabu kimoja unachokijua kwa hakika, fungua rekodi yake, shuka kwenye mada, zibonyeze. Kitabu kimoja sahihi kinakuongoza kwa ndugu zake wote.

Na nchi pia. Mada zimesanifiwa kuwa "Tanzania", lakini majina ya vitabu vya kabla ya 1964 yanasema Tanganyika, na vya Wajerumani vinasema Deutsch-Ostafrika. Kwa mada tumia Tanzania, kwa jina la kitabu jaribu yote matatu.

Binti Limuru – #17
Hamjambo. Namuunga mkono #16, lakini inauma kwamba mtu anayetafiti Biblia ya Kiswahili, kwa Kiswahili, ndani ya nchi ya Kiswahili, lazima apitie "Person and offices". Kuna sehemu ya 653 kwenye rekodi, ya maneno huru yasiyo na orodha sanifu. Mkutubi akiweka pale "wokovu", "kuhesabiwa haki", "Roho Mtakatifu", rekodi itapatikana kwa maneno hayo na jina sanifu halitaguswa. Ni kazi ya dakika mbili kwa kitabu. Idara za teolojia zingeweza kuwapa wakutubi orodha ya istilahi 200 kwa kuanzia.

Rafu ya Juu – #18
Dada, 653 bila udhibiti ni fujo. Mmoja ataandika "wokovu", mwingine "ukombozi", wa tatu "uokovu". Baada ya miaka mitano unatafuta mara tatu badala ya moja.

Binti Limuru – #19
Mara tatu kwa lugha ninayoifikiria ni nafuu kuliko mara moja kwa neno nisilolijua lipo.

Rafu ya Juu – #20
Hoja hiyo ina uzito, nakubali. Ila orodha itangulie, maneno yafuate.

Mti wa Mzeituni – #21
Nije kwenye makala, kwa kuwa tasnifu haiishi kwa matoleo tu. Kama chuo kimelipia ile kanzidata ya dini ya Atla, inayosomwa kupitia EBSCO, usianze na maneno. Anza na faharasa ya maandiko: unachagua kitabu, sura, mstari. Warumi 3, kisha 3:28, inakupa makala yaliyosajiliwa kuwa yanafafanua mstari huo, hata kama kichwa cha makala hakiutaji. Mnaosoma bila usajili wowote, Index Theologicus ya Chuo Kikuu cha Tübingen iko wazi kwa kila mtu na ina utafutaji wa fungu la Biblia. Haina makala yenyewe kila mara, ila inakupa anwani kamili ya kuyafuatia.

Tahadhari mbili. Ukiweka tiki kwenye "Full Text" unafuta makala yote ambayo kanzidata inayo anwani yake tu. Hayo huenda chuo kinayo kwenye karatasi, au yako bure penginepo. Tafuta bila tiki, kusanya, ndipo uhangaike na upatikanaji.

Ya pili ni hesabu ya mistari. Yoeli 2:28-32 ya Union Version ni Yoeli 3:1-5 kwa Kiebrania. Malaki sura ya 4 yote ni 3:19-24. Mtaalamu wa Agano la Kale ananukuu kwa hesabu ya Kiebrania, na aliyesajili makala mara nyingi amefuata alichoandika. Anayetafiti Pentekoste akitafuta Yoeli 2:28 peke yake anapoteza makala mazito kabisa. Zaburi nazo: kwenye Vulgata, Biblia ya Kilatini, na kwenye fafanuzi za kale za Kikatoliki namba iko nyuma kwa moja, Zaburi ya 23 huko ni ya 22.

Ngome Kongwe – #22
Siyo zote, Mti wa Mzeituni. Zaburi 1 mpaka 8 zinalingana, na 148 mpaka 150 zinalingana. Ya 9 na ya 10 za Kiebrania zimeunganishwa kuwa 9, ndipo inaanza kurudi nyuma. Kule 114 mpaka 116 kuna kuunganisha na kugawa, inabidi utazame jedwali. Ya 147 imegawanywa mbili na hesabu inakutana tena.

Mti wa Mzeituni – #23
Sahihi kabisa, shukrani.

Swichi – #24
Kwa JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, utafutaji wa kawaida ni wa maneno matupu. Mstari mmoja una sura nyingi: "Romans 3:28", "Rom 3:28", "Rom. 3:28", na baadhi ya majarida ya Uingereza huweka nukta badala ya nukta pacha, "Rom. 3.28". Weka zote kwa OR, kila moja ndani ya alama za kunukuu. Kwa ukaribu wa maneno: "translation Swahili"~25 maana yake maneno hayo mawili yawe ndani ya umbali wa maneno 25. Kwa EBSCO ni tofauti, unaandika translat* N5 Swahili. Ukipeleka alama za huku kule zinakupa takataka bila kukuonya.

Na JSTOR ina ukuta unaosogea: majarida mengi hayaonyeshi miaka mitatu hadi mitano ya karibuni. Kutokukuta makala ya mwaka juzi hakumaanishi hayajaandikwa.

Padri Mtarajiwa – #25
Wakuu, naingia nikiwa chuoni kila kitu kinafunguka. Nikiwa nyumbani naambiwa nilipie. Neno la siri ni lilelile.

Swichi – #26
Chuoni unatambuliwa kwa anwani ya mtandao wa chuo, nyumbani hautambuliwi mpaka upite mlangoni. Anzia ukurasa wa maktaba, siyo Google. Ingia, kisha fungua kanzidata kutokea pale. Kama chuo kinatumia EZproxy utaona jina la chuo limejiingiza ndani ya anwani ya kanzidata juu ya kivinjari. Hulioni, umetoka nje ya mlango.

Kosa la pili: watu wananakili anwani ya juu na kuihifadhi kwenye maandishi yao. Hiyo ni ya kikao cha siku ile, kesho imekufa. Ndani ya rekodi kuna kiungo cha kudumu, kinakili hicho. Na kwenye Google Scholar nenda mipangilio, viungo vya maktaba, tafuta chuo chako, hifadhi. Inakubali mpaka maktaba tano.

Padri Mtarajiwa – #27
Imekubali. Ubarikiwe mkuu.

Karatasi Njano – #28
Kwa Kibweta hasa: karne ya 19 usiitafute chuoni peke yake. Ile hazina ya Atla ya Princeton ya vitabu vilivyoisha hakimiliki inatafutika neno kwa neno.

Mti wa Mzeituni – #29
Hiyo ya Princeton ni Theological Commons, mali ya seminari ya pale, bure. Atla ni chama cha maktaba za teolojia, makao Chicago, kanzidata yake inalipiwa. Msiwachanganye, mtu atakwenda kuomba neno la siri la kitu kilicho wazi.

Karatasi Njano – #30
Nimesahihishwa. Na HathiTrust, hazina ya mtandaoni ya vitabu vilivyopigwa picha: kitabu kinachosomeka mtu akiwa Marekani kinaweza kufungwa ukiwa Dar, kwa sababu ya sheria za hakimiliki. Lakini hata kikifungwa kisanduku cha kutafuta ndani kinafanya kazi na kinakutajia namba za kurasa. Unajua neno liko ukurasa gani kabla hujaomba nakala ya ukurasa huo kwenye maktaba nyingine. Hilo peke yake linaokoa wiki.

Mwana wa Usa – #31
Kwa nyaraka za wamisheni, jua jina la sasa la mwenye hazina. Karatasi za UMCA, misheni ya Waanglikana waliofanya kazi Zanzibar na waliomtoa Askofu Edward Steere, ziko Bodleian, Oxford, chini ya jina USPG, kwa sababu UMCA iliungana na misheni nyingine ya Waanglikana, SPG, mwaka 1965. Ukitafuta UMCA kama mwenye hazina unazunguka. Hazina ya CMS, misheni ya Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, iko Cadbury Research Library, Birmingham. Misheni ya Leipzig ya Kilimanjaro: nyaraka ziko Halle, kwenye taasisi za Francke. Picha za misheni nyingi ziko bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California.

Anayegusa za Kijerumani ajiandae na mwandiko wa Kurrent. Si suala la kujua Kijerumani, herufi zenyewe ni nyingine: e inafanana na n. Programu ya Transkribus husaidia kuisoma, lakini majina ya watu na vijiji vya huku inayakosea sana, hayo yasome kwa jicho.

Kalamu ya Mwanzi – #32
Kibweta, kwenye #1 hukutaja tafsiri ya mmisionari Mjerumani Roehl ya 1930 katikati. Kutoka Zanzibar kwenda Union Version ya 1950 unaruka tafsiri nzima.

Ngome Kongwe – #33
Tarehe. Roehl Agano Jipya ni 1930, Biblia nzima 1937. Union Version Agano Jipya 1950, Biblia nzima 1952. Kwa Warumi, 1930 na 1950 ndizo zinazohusika, uko sawa, ila kwenye katalogi atakuta zaidi 1937 na 1952. Na mwaka ulio kwenye ukurasa wa hakimiliki mara nyingi ni wa chapa, siyo wa tafsiri. Roehl mwenyewe andika kwa njia mbili, Roehl na Röhl. Mifumo mingine inazihesabu ni watu wawili.

Mchukuzi wa Lauhi – #34
Asalaam aleikum. Majina ndiyo msiba wetu upande wa Uislamu. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyetoa tafsiri ya Qur'ani mwaka 1969: utamkuta Farsy, Farsi, al-Farsy, El-Farsy. Al-Ghazali kwenye orodha ya Bunge la Marekani ni Ghazzālī, z mbili. Njia salama ni kuacha "al-", kuandika shina na kinyota, kisha kupunguza kwa neno jingine: Fars* Kurani, Fars* Qur*, Fars* Koran. Neno lenyewe la Kitabu lina tahajia kadhaa kwenye Kiswahili cha majalada.

Kwa hadithi na tafsiri za Kiarabu wanafunzi wengi wanatumia Maktaba Shamela. Ni bure na inatafuta maelfu ya vitabu kwa sekunde. Ila kabla ya kunukuu tazama kadi ya kitabu: kama imeandikwa muwafiq lil-matbu', kurasa zinalingana na kilichochapwa. Kama haijaandikwa, namba ya ukurasa unayoiona ni ya programu tu, haipo duniani.

Mama Hekaya – #35
Wasimamizi wengine hawaikubali Shamela kabisa, Sheikh, hata ikilingana.

Mchukuzi wa Lauhi – #36
Na wana sababu, Mama: maandishi yamechapwa upya kwa mkono, makosa ya herufi yamo. Mwenendo mzuri ni kutafutia Shamela, kisha kufungua juzuu lenyewe maktabani na kunukuu juzuu. Kama maktaba haina, tafuta picha za kurasa za chapa ileile, siyo chapa yoyote.

Binti Limuru – #37
Kwa majarida ya kwetu: AFER ya Gaba, Eldoret, kwenye katalogi ijaribu kwa kifupisho na kwa jina refu pia, "African Ecclesial Review". Ya Kusini, HTS na Verbum et Ecclesia, ni wazi kabisa mtandaoni. Tasnifu za UNISA, Pretoria na Stellenbosch ziko wazi kwenye hazina zao na nyingi zinahusu Afrika Mashariki. Soma orodha ya marejeo ya mwisho kabla ya sura ya kwanza, utaona walikopita.

Kibweta cha Kadi – #38
Narudi na hesabu. Ninajenga jedwali la matoleo kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, nimekwama: mtindo wa SBL wa kuandika marejeo unasema Biblia inatajwa ndani ya maandishi kwa kifupi tu. Basi nitayaorodheshaje?

Mti wa Mzeituni – #39
Kanuni hiyo ni kwa anayenukuu Biblia kama Maandiko. Kwako toleo ndilo chanzo chenyewe, kwa hiyo kila moja linakaa kwenye marejeo kama kitabu: jina kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina, mahali, mchapaji, mwaka. Kwenye Zotero acha sehemu ya mwandishi wazi, mtafsiri mweke kwenye nafasi ya mtafsiri, mwaka wa tafsiri na wa chapa vitenganishe, wa tafsiri ukae kwenye maelezo ya ziada. Na ukipiga picha toleo lolote, piga ukurasa wa jina na wa nyuma yake kwanza, ndipo Warumi.

Kibweta cha Kadi – #40
Sawa. Zile 3: moja nimeikuta, imesajiliwa 496.392 kati ya vitabu vya sarufi. Mama Hekaya alikuwa karibu. Ya pili mkutubi ameifungua kwa namba ya rekodi, kwa neno haiji, Swichi naye ana lake.

Ya tatu haina msimbo (niliiruka nilipohesabu zile 6), haina kadi, haina ukurasa wa jina. Inaanza Mathayo 1 na kuishia katikati ya Ufunuo 21. Karatasi imekuwa kahawia. Nitaijuaje ni ya nani?

Rafu ya Juu – #41
Usiamini rangi ya karatasi. Chukua Warumi 3:21-31, linganisha neno kwa neno na nakala zilizopigwa picha mtandaoni, moja baada ya nyingine. Tazama tahajia, tazama kama mistari imepangwa aya au kila mmoja peke yake, tazama vichwa vya juu ya kurasa.

Ngome Kongwe – #42
Na hesabu maneno yenye asili ya Kiarabu kwenye ukurasa mmoja. Roehl aliyakwepa kwa makusudi. Yakiwa machache kuliko unavyotarajia, anza na yeye.

Karatasi Njano – #43
Mimi ningetazama chini ya kurasa kwanza. Wachapaji wa zamani huweka herufi au namba ndogo chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo. Zikianza na A au B kwenye Mathayo, huenda kilikuwa kitabu cha Agano Jipya peke yake. Zikianza mbali kwenye alfabeti, kimechanwa kutoka Biblia nzima, na hapo ya 1930 na ya 1950 zote zinatoka kwenye orodha.

Kibweta cha Kadi – #44
Kuna herufi kweli, ndogo, kushoto, sikuzitilia maanani. Maktaba inafunguliwa saa 2 asubuhi, naanza na Mathayo 1 kisha Warumi 3. Picha nitaziweka hapa.